Usibuni Maneno Unapoomba Chuo



Umeketi kuandika insha ya kuomba nafasi chuoni. Unataka kusema kwamba ulikuwa kiongozi wa darasa, ukawasikiliza wenzako. Sentensi hiyo waiona nyepesi mno, basi waandika kwamba una "uongozikivu wa kimasikilizano". Umeipamba kweli, lakini msomaji hajui tena ulifanya nini.

Neno la namna hiyo nalipinga pasipo kigugumizi, na nawalaumu pia wanaokusifu kwa "msamiati mgumu", wakiwamo baadhi yetu walimu.

Najua utakavyonijibu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kimekuwa chetu nasi. Mbona tusikiongezee maneno? Hoja hiyo ina uzito, na historia inaiunga mkono. "Kitivo" kimetoka Kipare. "Ngeli", ambazo mnazikariri kila wiki, jina lake asili yake ni Kihaya. Kinyarwanda nacho kina haki ya kuchangia, na natamani kichangie. Lakini maneno hayo yalikuja kujaza pengo: palikuwa na dhana inayohitaji jina, jina likapendekezwa, likafafanuliwa, watu wakalikubali. Wewe unapoandika "mnyeshuri", pengo liko wapi? Mwanafunzi yupo. Na "mahirwe" yako yanazikuta bahati na fursa zimekwisha kaa.

Hata wataalamu hawafuatwi daima. "Tarakilishi" imepata makao Kenya, ilhali Watanzania wengi husema kompyuta tu. Ikiwa neno lililomo kamusini linapata taabu hiyo, lako lililozaliwa jana usiku litategemea nini?

Wala usichanganye jambo hili na Kiswahili cha Bukavu. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto wanaposema "bintu", hawakubuni chochote. Hiyo ni lugha ya mji wao, na wanaelewana. Katika insha utaandika "vitu" kwa sababu chuo kinataka Kiswahili sanifu. Ni suala jingine kabisa.

Anayeipima insha yako hakufahamu, na hatakuita kukuuliza. Mbele yake pana rundo la insha nyingine. Akikwama kwenye neno lako atakisia, na akikisia vibaya, nafasi ataipata yule aliyeandika kwa ufupi: "Niliwasikiliza wenzangu, kisha tukakubaliana."

Kwa hiyo, kabla ya kuituma, isome kwa sauti mbele ya mwenzako wa darasa jingine. Neno atakalokuuliza maana yake, litafute kamusini. Lisipokuwamo, lifute, uandike pale pale jibu ulilompa.