Ufunguo wa Sanduku Anao Nani?

Wenzangu wa insentivu, nimechoka kuambiwa "lalamikeni kistaarabu" na watu ambao hawajawahi kuwa na la kulalamikia.

Mwaka jana hapa Kakuma, supavaiza mmoja alimfokea dada tunayefanya naye kazi ya vijana. Alimwita mjinga mbele ya watoto aliokuwa anawafundisha, halafu akamkata posho ya siku tatu. Mimi nikasimama nikapiga kelele. Matokeo? Kesho yake ofisi nzima ilizungumzia kelele zangu. Posho hakuna aliyeitaja.

Hapo nikajifunza. Tulikaa na dada tukaandika barua ya ukurasa mmoja: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, waliosikia, na anachoomba. Posho irudi, na asitukanwe tena mbele ya watoto. Hatukuandika "huyu ni mtu mbaya", maana hilo ni rahisi kulikataa. Tarehe na mashahidi ni vigumu kukataa. Tukaomba nakala yetu igongwe muhuri. Karani akatushangaa: "Kwani sanduku la maoni hamkuliona?"

Tuliliona. Limetundikwa mlangoni kwa supavaiza, na ufunguo anao yeye mwenyewe. Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Sasa nasema na nyinyi wa mashirika. Ustaarabu hauwezi kuwa wa upande mmoja. CHS ni viwango mlivyojiwekea wenyewe, na ahadi yake ya tano inasema watu waweze kutoa malalamiko kwa usalama, na yashughulikiwe. Usalama gani huo, kama ninayemlalamikia ndiye anayenisoma wa kwanza? Ufunguo ukae ofisi nyingine. Kila barua ijibiwe kwa maandishi, na tuambiwe jibu litatoka lini. Na aliyelalamika asiambiwe "pumzika kwanza nyumbani" wakati aliyemtukana anaendelea na kazi.

Wazee wetu wananiambia: mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Nawaelewa. Insentivu ni kidogo, lakini ndiyo sabuni na daftari za wadogo zangu. Uoga wenu si ujinga, mmeshapoteza vingi. Ila wale watoto waliona mwalimu wao akitukanwa. Tukinyamaza, watajua kwamba mkimbizi akipewa kazi anatakiwa kupokea na matusi pia. Somo hilo mimi sitalifundisha.

Kwa hiyo mwenzangu, usipige kelele kama mimi. Andika siku hiyohiyo, kabla hujasahau. Tafuta aliyesikia. Baki na nakala. Usiende peke yako.

Baada ya wiki tano dada alirudishiwa posho ya siku mbili. Ya siku ya tatu bado tunaidai, na barua ya pili tumeshaiandika.