Rafadha Ichaguliwe kwa Kufuata Mzigo

Katika mialo ya Ziwa Victoria na bandari ndogo za mwambao, mnunuzi wa injini ya mashua huuliza kwanza nguvu za farasi. Ni nadra kuuliza habari za rafadha. Huichukua ile iliyokuja na injini. Kwa maoni yetu, desturi hii huwatia wavuvi hasara isiyo ya lazima.

Rafadha hutajwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo cha duara lichorwalo na mapanga yake yanapozunguka. Cha pili ni hatua, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, lau maji yangekuwa magumu kama ubao upenywao na skrubu. Kwa kuwa maji si ubao, rafadha huteleza, na mashua nzito huzidisha mtelezo huo.

Tufanye hesabu. Injini izungukayo mara 5,000 kwa dakika, yenye gia ipunguzayo mizunguko kwa nusu, huzungusha rafadha mara 2,500. Hatua ikiwa inchi 10, yaani sentimita 25.4, mwendo wake kabla ya kutoa mtelezo ni karibu kilomita 38 kwa saa. Huo ni mwendo wa boti nyepesi. Rafadha hiyo ikifungwa kwenye mashua ya mbao iliyosheheni nyavu, barafu na samaki, injini huelemewa: haifikii mizunguko yake, hula petroli bila faida, na huchakaa mapema. Injini iliyochakaa aghalabu humwacha mvuvi mbali na nchi kavu.

Dawa ni rahisi. Mashua ipakiwe mzigo wake wa kawaida, injini ifunguliwe mpaka mwisho, na mizunguko ipimwe. Ikiwa pungufu ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha injini, itwaliwe rafadha yenye hatua fupi zaidi. Kila inchi ipunguzwayo huongeza mizunguko ipatayo 150 hadi 200. Ikizidi kiwango, ifanywe kinyume chake.

Watakuwapo watakaosema kwamba mvuvi mdogo hamudu kununua kipimo cha mizunguko. Ni kweli, lakini chama cha ushirika chaweza kununua kimoja, pamoja na rafadha mbili tatu za majaribio, vikatumiwa na mwalo mzima. Wauzaji nao yawapasa kuuliza uzito wa mashua na mzigo wake kabla ya kupokea fedha. Injini hununuliwa mara moja kwa miaka mingi. Petroli hununuliwa kila safari.