Saksafoni si ya harusi tu

Wasee, hii maneno ya "saksafoni ni ya harusi na hoteli" imenichosha. Juzi niliweka klipu ya kipande nilichoandikia saksafoni nne: soprano, alto, tena na baritoni. Komenti ya kwanza: "Hizi kelele ndizo zilikutoa chuo?" Chuo nilitolewa na karo, asante.

Glazunov, mzee wa Kirusi aliyezoea okestra kubwa, aliandikia saksafoni nne mwaka wa 1932 akiishi Paris. Xenakis akaandika XAS mwaka wa 1987, na mle ndani mpigaji mmoja anatoa sauti kadhaa kwa mpigo. Hajakosea, bana. Ni vidole, mdomo na pumzi, na mazoezi ya kuumiza kichwa.

Mnataka kunikosoa? Nikosoeni kwa hili: niliandikia kwa kompyuta, na kompyuta haipumui. Wa baritoni alitazama noti zangu ndefu akaniuliza, "Bosi, nipumulie wapi?" Nilifuta kurasa mbili usiku huo.

Na hao wanne niliwalipa pesa ya mazoezi. Nyinyi wa harusi huwa mnawalipa na pilau.