Kutotoa Samaki Hakutoshi

Kila Oktoba samoni hupanda kijito cha Issaquah, mashariki ya Seattle, wakirudi walikozaliwa. Hapo pana kituo cha kutotolea samaki kilichojengwa mwaka 1936. Watu wa kujitolea huongoza wageni na kusaidia kukamua mayai. Jike mmoja hutoa maelfu. Vifaranga hulishwa hadi wafikie umri wa kuachiwa mtoni.

Sisi wa chama hiki tunaiheshimu kazi hiyo, na tunawahimiza wenzetu wajiunge nayo. Lakini tusijidanganye kwamba inatosha. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo hili la Washington walitangaza kwamba kemikali inayotokana na vumbi la matairi ndiyo inayowaua samoni aina ya koho. Mvua huliosha vumbi hilo barabarani na kulishusha vijitoni, na samaki hufa kabla ya kutaga. Yaani tunalea kwa mkono mmoja na kuua kwa mwingine.

Wapo wanaosema tuongeze vifaranga. Huko ni kujaza maji mtungi uliotoboka. Utafiti umeonyesha kwamba maji hayo ya barabarani yakichujwa kwenye udongo wenye mimea, koho hawafi.

Kwa hiyo tunapendekeza: Jumamosi moja kituoni, Jumamosi ya pili tupande mimea kando ya barabara. Na twende kwa basi. Nalo lina matairi, ndiyo, lakini moja hututosha sote.