Tuwe waangalifu na vidonge vya kuwatuliza wazee

Jioni moja mwaka jana nilimkuta mjomba wangu, mfugaji wa zamani kutoka Kajiado, ameketi katika nyumba ya kupanga hapa Kitengela, mate yakimchuruzika na mikono imemkakamaa. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa akitembea peke yake hadi barabara ya Namanga. Na kosa lake lilikuwa hilo hilo la kutembea. Kila jua lilipokaribia kutua alidai afunguliwe lango akapokee ng'ombe, ng'ombe waliouzwa zamani, na aliyemzuia alichapwa fimbo. Wanawe walipochoka walimpeleka kliniki, wakapewa haloperidoli.

Siwalaumu binamu zangu. Kukesha na mgonjwa, kisha alfajiri ukimbilie kibarua Athi River, si jambo jepesi. Wala sisemi kwamba dawa hiyo ni sumu. Imewafaa wagonjwa wengi wa akili. Lakini haikukusudiwa maradhi ya kusahau ya uzeeni. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipitia majaribio 17 ya dawa mpya za jamii hiyo. Katika muda wa majuma kama 10, wazee wenye maradhi haya waliozitumia walikufa kwa kiasi cha asilimia 4.5, ilhali miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa asilimia 2.6. Wengi waliuawa na moyo au nimonia. Mwaka 2008 onyo likazijumuisha dawa za zamani, haloperidoli ikiwamo.

Jamaa zangu hawakuelezwa lolote kati ya haya. Waliambiwa tu kwamba mzee atatulia. Hakuna aliyechunguza kama ana maumivu, kama mkojo unamchoma au kama amefunga choo, mambo ambayo humfanya mzee asiyeweza kujieleza awe mkali. Daktari wa pili alimfungua kinywa tu, akaona jino lililooza. Liling'olewa, na dawa ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikaachwa.

Nawasihi madaktari wa kaunti yetu: ikiwa mzee anahatarisha maisha na hapana budi kuiandika, waandike kiasi kidogo, watueleze hatari zake, na wataje siku ya kumrudisha ili ijulikane kama bado yahitajika. Wauza dawa nao wasiitoe tena na tena kwa karatasi kuukuu.

Mjomba angali anadai lango lifunguliwe. Siku hizi mjukuu wake humshika mkono, wakatembea hadi mwisho wa uchochoro, wakatazama mbuzi wa jirani wakirudi, kisha wakarejea kunywa chai.