Tairi Lililolika Upande Mmoja ni Somo la Darasani

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji, ilikuwa njia ya miguu ya watu. Pembe za ndovu, nguo na shanga zilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Si kwamba gurudumu halikujaribiwa. Mwaka 1877 Jumuiya ya Wamisionari ya London ilianza safari kutoka Saadani kuelekea Ujiji ikiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe walikufa njiani, na safari ikabidi iendelee kwa wapagazi. Gurudumu lenyewe halikuwa na kosa. Adui mkubwa alikuwa mbung'o. Na ilimbidi dunia ingoje hadi mwaka 1895 ndipo David Bruce, akifanya utafiti huko Zululand, alipoonyesha kuwa inzi huyo ndiye anayewaambukiza mifugo vijidudu vya nagana.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, kisha yakafuata malori na mabasi, na katika miaka ya 2010 barabara ya kutoka Nzega hadi Tabora ilitiwa lami. Gurudumu limeshinda. Hata hivyo, desturi ya kulaumu kinachoonekana na kuacha sababu iliyojificha bado ipo. Tairi likilika upande mmoja, dereva hulaumu barabara, na mwenye gari hulaumu kiwanda. Tairi hilo huhamishiwa nyuma au hutupwa, jipya hununuliwa, nalo hulika vile vile. Aliyebadilisha tairi bila kutafuta sababu amefukia dalili tu. Maradhi yamebaki kwenye gari.

Ni kweli kwamba barabara mbovu huanzisha maradhi hayo. Gurudumu linapotumbukia shimoni, tairodi yaweza kupinda na viungo vya usukani vikalegea. Lakini baada ya hapo kinachokula tairi ni hesabu. Magurudumu mawili ya mbele hutakiwa kwenda karibu sambamba. Tuseme kipenyo cha tairi ni milimita 600, na umbali kati ya matairi hayo kwa mbele umepungua milimita 10 kuliko kwa nyuma. Kila gurudumu limegeuka milimita 5 katika 600, pembe ya karibu nusu digrii. Jicho haliioni pembe hiyo kwa urahisi. Lakini katika kila kilomita moja ya safari, tairi hulazimishwa kwenda kando kiasi cha mita 8. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, mwendo unaozidi kilomita 800, jumla yake ni zaidi ya kilomita 6. Sehemu ya mwendo huo humezwa na mnyumbuko wa mpira. Inayobaki ni msuguano, na msuguano hula mpira na kupoteza mafuta.

Tairi huandika habari hizi juu ya ngozi yake. Likilika kingo zote mbili, mara nyingi upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, upepo ulizidi. Likilika bega moja tu, yawezekana gurudumu limelala upande au mwelekeo wake umepotoka. Kiganja kikipitishwa juu ya meno yake, kikateleza kwa upande mmoja na kukwaruzwa kama kwa msumeno kikirudishwa, hiyo ni dalili ya magurudumu yasiyokwenda sambamba. Na mabonde ya hapa na pale huashiria shokomzoba zilizochoka au gurudumu lisilo na balansi.

Kupima hakuhitaji mtambo wa gharama kubwa. Gari lisimamishwe mahali tambarare, upepo uwe sawa, na usukani uwe umenyooka. Alama ya chaki itiwe katikati ya kila tairi la mbele, kwa upande wa mbele, katika kimo cha ekseli. Kisha umbali kati ya alama hizo upimwe. Gari lisukumwe polepole mpaka alama zile zile zifike nyuma katika kimo kile kile, na umbali upimwe tena. Tofauti ya vipimo hivyo hulinganishwa na kitabu cha mtengenezaji wa gari. Kabla ya kurekebisha, viungo vilivyolegea vibadilishwe kwanza, kwa maana kupanga magurudumu juu ya viungo vibovu ni kazi bure. Tairodi za pande mbili zigeuzwe kwa kiasi kilicho sawa, usukani usije ukakaa upande. Marekebisho yafanywe na fundi. Wanafunzi wapime tu, injini ikiwa imezimwa, na asiwepo mtu anayeingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki.

Hapa ndipo walimu wa fizikia na hisabati wanapohusika. Pengine itasemwa kwamba hii ni kazi ya gereji, wala haimo katika mtihani. Lakini pembe, msuguano na nguvu zimo katika mtihani, na mara nyingi hufundishwa kwa mifano isiyo na makazi. Shule isiyo na gari yaweza kuunda kigari kidogo cha magurudumu mawili, moja likiwa limenyooka na jingine likigeuzwa digrii 5, na kukivuta kwa mizani ya springi. Wanafunzi watasoma wenyewe jinsi nguvu inavyoongezeka. Mwanafunzi wa Tabora aliyepima hivyo hatausahau msuguano.

Wala si suala la mtihani tu. Kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha kiliacha uzalishaji mwaka 2009, na tangu hapo nchi imetegemea matairi ya kutoka nje, yanayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Tairi lililokufa nusu ya umri wake ni fedha iliyosagwa ikawa vumbi la barabarani. Na kuna jambo zito zaidi. Bega lililolika hadi nyuzi laweza kupasuka katika mwendo wa kasi, na basi lenye kasi maradufu lina nishati ya mwendo mara nne. Lami imeongeza kasi. Haikuongeza uzima wa matairi.

Mpagazi aliyekuwa na mzigo uliolala upande alijua mara moja, kwa kuwa bega lake lilimwambia; akautua, akaufunga upya. Tairi halina sauti, lina maandishi tu, na kazi ya shule ni kufundisha kusoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila shule yenye gari na ianze kwa tairi moja, chaki, na kamba ya kupimia.