Jike Afungwe Uzazi Bure, Ada Ilipwe na Kila Mwenye Mbwa



Mnada uliopita nilikuta watoto wamezunguka kiroba. Ndani mlikuwa na watoto sita wa mbwa, wawili wameshakufa. Mama muuza mihogo akaniambia, "Bwana mifugo, hivyo viroba tumeshavizoea." Hao wanne wakipona, ndio mwakani watakaoingia kwenye zizi lako la mbuzi usiku.

Kila likizuka tatizo hili kwenye mkutano, nasikia mawili. La kwanza: "Wapigwe risasi, wawekewe sumu." La pili: "Kila mwenye mbwa ampeleke kwa daktari kwa pesa yake." Yote mawili nayapinga, na leo naeleza kwa nini.

Sumu haichagui. Inaua mbwa aliyechanjwa sawasawa na asiyechanjwa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kichaa cha mbwa kisisambae. Ukiua waliochanjwa, nafasi yao inachukuliwa na watoto wa mbwa wasio na chanjo, na umerudi nyuma ya pale ulipoanzia. Na dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, huyo ni wa kuzikwa. Hilo si la kufanyia majaribio.

Hilo la pili linasikika la haki, lakini halifanyi kazi. Kufunga uzazi wa jike si kama kuhasi beberu kwa koleo. Ni upasuaji wa tumbo, unahitaji daktari wa mifugo, dawa ya usingizi na uangalizi wa kidonda. Mkulima mwenye jike mmoja wa kulinda mahindi akiambiwa alipe gharama yote siku moja, hatakuja. Atasubiri azae, kisha atatafuta kiroba. Mzigo wa watoto hao unaubeba kijiji kizima: wewe unapoteza mbuzi, jirani anauguza mtoto aliyeng'atwa, muuza nyama anafukuzana na mbwa mezani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tutoze kumiliki mbwa, tusitoze upasuaji. Kila mwenye mbwa alipe ada ndogo kila mwaka, na jike wake afungwe uzazi bila kulipa tena.

Tupige hesabu ya mfano. Kijiji kina mbwa 200, majike 80. Kila mbwa alipiwe shilingi 5,000, ambazo hata jogoo hununui. Hiyo ni milioni moja. Tuseme upasuaji wa jike mmoja, pamoja na dawa, ni 40,000. Mwaka wa kwanza wanafanyiwa majike 25. Kuanzia mwaka wa pili, mbwa aliyefungwa uzazi au kuhasiwa alipiwe 2,000 tu. Aliyefikiwa na zamu mwenyewe akakataa, alipe 10,000. Ndani ya miaka mitatu hadi minne karibu majike wote wamefikiwa. Bei halisi muulizeni daktari wa mifugo wa wilaya. Njia ya hesabu ndiyo hiyo.

Wala si jambo la ajabu. Miji mingi ya Marekani na Kanada hutoza leseni kubwa zaidi kwa mbwa asiyehasiwa.

Kwa nini nasisitiza jike? Kwa sababu dume mmoja akibaki anawatosha majike wengi. Ukihasi madume tisa ukaacha wa kumi, mimba zitaendelea. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka na hubeba mimba kama miezi miwili tu. Pesa ikiwa haba, ianzie kwa jike.

Mtaniambia, "Hao mbwa hawana wenyewe." Wengi wanao. Fuata mbwa anayezurura sokoni mchana, jioni utaona anaingia uani kwa nani. Wengine watasema jike akifungwa uzazi hatalinda. Atalinda vilevile, na wala hatavuta madume kumi nyumbani kwako usiku.

Pingamizi zito ni moja: "Pesa italiwa." Hili silibezi. Nimeshaona mchango wa kijiji ukiyeyuka, na waliochanga hawakupewa hata maelezo. Kwa hiyo msikubali ada bila masharti haya:

1. Iwe sheria ndogo iliyojadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kupitishwa na halmashauri, si agizo la mdomo.
2. Kila anayelipa apewe stakabadhi.
3. Pesa ikae peke yake, isichanganywe na ya ofisi wala ya posho.
4. Kila robo mwaka isomwe: zimeingia ngapi, majike wangapi wamefanyiwa, zimebaki ngapi.
5. Siku ya upasuaji iwe pia siku ya chanjo ya kichaa. Kufunga uzazi hakuchukui nafasi ya chanjo.

Na ninyi wenye bucha, msijifiche nyuma ya wenye mbwa. Matumbo na mifupa mnayotupa ndiyo yanayowalisha hao wazururaji. Chimbeni shimo, lifunikeni, na mchangie mfuko.

Kikao kijacho, mtu akisimama kudai sumu, muulize mwaka jana sumu ilipunguza mbwa wangapi. Kisha omba ajenda ya ada iandikwe kwenye muhtasari.